Lishike kwa Mikono Mitupu

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimevaa soksi mbili mbili na koti humu humu ndani, maana huku Japani theluji inaanguka tangu juzi, na baiskeli yangu pale nje umebaki kuonekana usukani tu. Mwili wangu ni mzima. Shuleni tulifundishwa kuandika kwamba hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali, tukawa tunaandika hivyo bila hofu yoyote, ilimradi karatasi ijae. Leo nayaandika maneno hayo nikiyamaanisha. Hofu ipo, Baba, na ni juu yako.

Kwanza utazame mwandiko. Ni wangu, ule ule uliokuwa ukiulalamikia kwamba mistari inapanda juu kama mtu anayekwea milima ya Mbizi. Na ili usije ukasema siku hizi kuna mafundi wa kuiga miandiko, nakukumbusha siku uliyoniangusha na baiskeli tukitoka kanisani, ukanibembeleza nimwambie Mama kwamba tulikuwa tunamkwepa mbuzi. Hapakuwa na mbuzi, Baba. Ulikuwa umegeuka kumpungia mtu mkono. Mama, Mungu amrehemu, amekufa akimlaumu mbuzi wa watu, na mimi sijamwambia mtu mwingine. Basi uniamini kwamba ndiye mimi, Gaudensia wako, na usome mpaka mwisho. Usome peke yako kwanza, usimpe mtu akusomee kwa sauti.

Nimesikia ulichomwambia Dada Serafina, kwamba neno langu utalipokea likija kwa mwandiko wangu tu. Nilimtumia picha ya barua kwenye simu, akatoka nayo Chanji mpaka kwako Pito, ukaitazama, ukamwambia, "Picha ya ugali haishibishi." Alinisimulia huku akilia. Mimi nikacheka, halafu nikalia pamoja naye. Ndiyo maana naiandika upya kwenye karatasi ili nimkabidhi Sista Domitila, yule mtawa wa kwetu anayesoma huku, ambaye anarudi nyumbani wiki hii. Nimemwomba asiiache kwa mtu yeyote. Ataiweka mkononi mwako.

Najua watu wamekueleza habari hii vipande vipande, kila mmoja na chumvi yake. Mimi nitaieleza kama ilivyo.

Kazi yangu unaijua, na pengine hilo ndilo tatizo, kwamba unaijua na unapenda kuisimulia. Wenzangu walituma chombo kisicho na mtu ndani, kikasafiri miaka mingi mpaka kwenye jiwe moja dogo linalozunguka jua kama dunia inavyozunguka, kikaligusa, kikachota changarawe zake na kuzileta nyumbani. Sasa mimi nakaa mbele ya sanduku la kioo, nimeingiza mikono kwenye glavu zilizoshonewa humo humo kwenye sanduku, napima punje moja moja. Ni nyeusi kama masizi ya chungu. Uliniuliza zamani tunatafuta nini kwenye jiwe, na sikukujibu vizuri kwa sababu nilikuwa nakimbilia basi. Ni hivi: dunia yetu ni chakula kilichokwisha kupikwa. Iliwahi kuyeyuka yote, ikachanganyika, ikapoa. Ukila ugali huwezi kuniambia punje ya mahindi ilikuwaje shambani. Lakini mawe yale ni punje zilizodondoka kando ya chungu kabla ya moto kuwashwa. Hayajaiva kamwe. Ndani yake tumekuta udongo uliowahi kuloana maji, na vitu vile ambavyo miili ya watu na ng'ombe na ulezi imejengwa kwavyo. Vyote hivyo vilikuwapo kabla ya Ufipa kuwa Ufipa, kabla hata jua letu halijakaa sawa.

Kuna jambo moja ambalo sikukusimulia, na siku hizi linanirudia mara kwa mara. Chombo kilipoligusa lile jiwe, sote tulidhani kitakutana na mwamba. Kwenye picha lilikuwa linaonekana gumu, limekaa imara. Kumbe halikuwa mwamba. Lilikuwa rundo la kokoto na vumbi vilivyokaa pamoja kwa mazoea tu, hakuna kilichovishikilia. Chombo kikazama kama mtu aliyekanyaga makapi, mawe yakatawanyika kila upande, na kama kisingejiinua haraka tungekipoteza. Mzee mmoja wa hapa akasema taratibu, "Tumeligusa kidogo tu."

Sasa tuje nyumbani. Jioni ile moto ulipopita angani juu ya uwanda wetu, ukanguruma mpaka mabati yakatikisika, ulinipigia wewe mwenyewe asubuhi yake. Sauti yako ilikuwa ya kijana. "Gaude! Jiwe lako limekuja nyumbani!" Ulikuwa umelikuta limejichimbia katikati ya ntumba zako, yale matuta unayofukia majani, jeusi, ukubwa wa kichwa cha mtoto. Na mimi, Baba, niliruka kwa furaha. Jiwe bichi kama hayo tunayoyafuata huko mbali, limeanguka lenyewe kwenye shamba la baba yangu! Nikakutumia ujumbe wa sauti pale pale, kabla mvua haijalinyeshea. Maneno yake nayakumbuka yote, maana Serafina ameniambia kitongoji kizima nacho kinayakumbuka.

"Usiliguse kwa mikono mitupu. Vaa mifuko ya plastiki mikononi. Lisipate maji hata tone. Lifunge, liweke kwenye kopo safi, pakavu, pasipo na moshi. Watu wasilikaribie. Na hata mtu akija akasema nimemtuma mimi, usimpe."

Kila neno lilikuwa sahihi, hata leo ningelisema hivyo hivyo kwa mwanafunzi yeyote. Jasho la mkono linachafua jiwe la namna hiyo, maji yanaliharibu, moshi unaliharibu. Na lile la mwisho nililisema kwa sababu kuna watu wanazunguka dunia nzima kununua na kuiba mawe ya angani. Lakini wewe uliufungulia ujumbe ule kilabuni, kwa spika, katikati ya watu na vibuyu vyao vya pombe, ili wasikie jinsi binti yako alivyosoma. Hebu jiweke kwenye kigoda cha jirani. Unasikia sauti ya mwanamke inatoka nchi ya mbali, inamwelekeza baba yake miiko: usiguse, lisilowe, mtu asikaribie. Ungesema hiyo ni sayansi? Mimi ningeweka kibuyu chini nikaondoka polepole.

Tena ukafuata kila neno. Mke wa Mzee Luhende, jirani yetu yule mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Usukumani, alikuwa anakwenda kisimani akakuona. Umeinama shambani kwenye ukungu, mifuko myeusi mikononi, unazunguka shimo, unasema peke yako. Serafina alikuuliza ulikuwa unasema nini. Ukajibu, "Nilikuwa narudia maneno ya Gaude nisije nikakosea hata moja." Nilipoambiwa hivyo, Baba, nilitoka nje ya maabara nikasimama kwenye theluji bila koti. Nakupenda sana. Naogopa sana.

Halafu ikaja radi. Huko kwetu msimu huu radi haina ajabu, lakini hii ilipiga maksai wa Mzee Luhende wakiwa bado kwenye nira. Walianguka pamoja. Hapo ndipo lilipozuka lile neno, na Serafina hajui limeanzia kwa nani: aliyeita jiwe ndiye aliyeita radi. Mtu akakumbusha lile gofu la ilungu kule kilimani, tanuru la udongo la babu zako walioyeyusha chuma, na kwamba wayeyusha chuma nao walikuwa na dawa zao na miiko yao ya nani asiguse na nani asipite karibu. Mwingine akasema basi, ukoo umeamka. Ulicheka ulipoyasikia hayo. Serafina anasema ulicheka peke yako.

Ukapika pombe ya ulezi, ukaalika watu wa kukusaidia kumalizia ntumba, kama kila mwaka. Tangu nizaliwe sijawahi kuona watu wa Pito wakiiacha pombe ya kulimia. Hata wagonjwa huwa wanapona siku hiyo. Asubuhi ukasimama shambani na jembe, mitungi ikiwa imepangwa kivulini, na hakuja mtu. Si wa ukoo, si wa jumuiya, si katekista. Kufika jioni ilikuwa inachacha. Wewe ukamwambia Serafina kwamba labda walikuwa na msiba mahali. Baba, msiba gani huo ambao wewe hukuambiwa?

Jumapili iliyofuata, wakati wa kutakiana amani kanisani, mkono wako ulibaki hewani. Na keshoye ukakuta ntumba zote za upande wa mto zimefunuliwa. Hakikuibwa kitu. Udongo umeondolewa juu, majani yaliyokuwa yanaoza taratibu yametandazwa juani, ntumba moja baada ya nyingine, kwa utulivu, kama mtu anayefunua vitanda akitafuta aliyelala. Ng'ombe hafanyi hivyo, na nguruwe pori hafanyi hivyo. Mtu aliyefanya vile anajua kulima, Baba. Amekula kwako.

Mimi hapo ndipo nilipokupigia. Sijui kama ulikuwa unanitania. Nimeyarudia maneno yetu kichwani mpaka yamechakaa.

"Baba, ni mimi, Gaude."

"Gaude gani?"

"Gaudensia wako. Baba, lile jiwe liache."

"Gaudensia wangu aliniambia nisimsikilize yeyote anayelitaka. Wewe nawe unalitaka."

"Silitaki! Nataka ulitupe."

"Hivyo hivyo ndivyo wasemavyo wezi. Tupa, tuokote." Kisha ukasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kama ndiye wewe, niandikie. Siku hizi hata sauti inaigwa. Na hapa nyumbani kuna watu wamekaa." Simu ikakatika.

Ni watu gani waliokuwa wamekaa? Serafina hajui. Alipofika, uani palikuwa na vigoda vimepangwa mduara na hakuna aliyevikalia. Wewe ulikuwa ndani, umeketi mlangoni pa chumba cha Mama, kopo liko nyuma yako limefungwa kwa khanga yake. Ukakataa kwenda naye Chanji. Ukamwambia kuondoka ni kukiri, na kwamba hutakimbia kwako kwa sababu ya kulinda kitu cha mtoto wako. Maneno ya mwanamume, nayaheshimu. Lakini Baba, kimbia.

Sasa kitongoji kimekubaliana kuwaita watu wa kamchape, wale wanaopita nyumba kwa nyumba wakichanja watu na kutafuta wachawi. Wamekwishafika Ilemba, na wakimaliza huko watapanda kwetu. Unawajua kuliko mimi. Wanachimbua sakafu, wanapanda darini, na mahali wanapoingia hawatoki mikono mitupu. Fikiria basi watakapoingia kwako. Hawatahitaji kuficha kitu mikononi wala kusingizia pembe ya uchawi. Watakuta kopo lililofungwa kwa nguo ya marehemu, ndani yake jiwe jeusi lililoanguka kutoka juu, na mzee anayewapigia kelele wasiliguse kwa mikono mitupu.

Nimeshindwa kulala tangu nilipoiona picha hiyo kichwani. Nilimwendea profesa wangu, mama mmoja mfupi mpole ambaye kila siku alikuwa ananiuliza jiwe la baba halijambo, kama vile ni mgonjwa aliyelazwa. Tulikuwa tumeshaanza kuulizia vibali vya serikali ya kwetu ili lichunguzwe kwa utaratibu. Alisema jiwe lililookotwa bado bichi hivyo, halijalowa, ni karibu sawa na lile ambalo chombo kilihangaika miaka yote kulifuata. Nikamwambia nataka livunjwe. Akachukua kitambaa akafuta kioo cha sanduku, ambacho kilikuwa safi. Akafuta tena. Mwisho akasema, "Mawe mengine yataanguka." Nikamwinamia kichwa kama wanavyofanya huku, na machozi yakanidondoka kwenye viatu.

Kwa hiyo sikiliza, Baba. Nayatengua maneno yangu yote, mwenyewe, kwa mkono wangu.

Vua mifuko. Litoe kwenye kopo. Khanga ya Mama ikunje uirudishe sandukuni. Lishike jiwe kwa mikono mitupu, ulibebe waziwazi, usilifunike, usipite njia ya nyuma. Lipeleke nje ya kanisa jua likiwa juu, watu wakitoka misa. Usihutubie. Najua utataka kuhutubia kuhusu mwanzo wa jua na sayari, lakini nakuomba kwa jina la Mama, siku hiyo funga mdomo. Mpe Mzee Luhende alishike wa kwanza, na umpe pole ya maksai wake kabla hujasema neno jingine lolote. Kisha mpe mkewe. Wape watoto, walirushiane, walilambe wakitaka. Mwombe Padre alimwagie maji, mengi, mpaka lilowe. Halafu atafutwe mtu mwenye nyundo, si wewe, alipasue, na kila kaya itakayo ichukue kipande chake ikaweke juu ya jiko kwenye moshi. Kitu kilichoguswa na kila mtu hakiwezi kuwa siri ya mtu mmoja.

Litaharibika kabisa. Sitapata hata punje ya kuweka chini ya darubini. Lilisubiri gizani tangu dunia haijaumbika, likapita kila mahali pa kuangukia, baharini, jangwani, likachagua shamba la mtu ambaye binti yake analijua kwa jina. Bahati kama hiyo haimjii mtu mara mbili. Nimeililia, na nimemaliza. Wewe nakutaka mzima.

Ukishamaliza, panda bodaboda siku hiyo hiyo uende Chanji kwa Serafina. Usirudi Pito kuchukua hata jembe. Ukae huko mpaka mvua za radi zipite na watu wa kamchape wawe wamekwenda zao. Ntumba zitafunikwa tena, udongo haukimbii. Mume wa Serafina, fundi wetu wa makabati, amekutengenezea kitanda, na amesema hatakuuliza unaondoka lini.

Nisalimie Dada Serafina, mwambie asiache kunipigia hata kama hana la kusema. Nisalimie Shangazi kule Ilemba, dada yako mwenye kucheka kwa kelele, ingawa Serafina anasema naye siku hizi simu yake haipokelewi. Salamu kwa katekista, nataka azipokee na azitafakari. Salamu kwa Mzee Luhende na mkewe, bila kinyongo, maana na wao wanaogopa kama mimi ninavyoogopa. Na wewe mwenyewe pokea salamu za binti yako asiyejua kukuelekeza jambo bila kukuponza.

Nilitaka kuishia hapo. Sista Domitila ameketi kando yangu na begi lake, anaangalia saa. Tangu asubuhi nimekupigia, simu yako inaita mpaka mwisho inakatika. Serafina anasema labda umeiacha shambani. Amepanda bodaboda kwenda kukuangalia, na bado hajanipigia.

Ni mimi,
Gaudensia wako wa kwenye baiskeli

Na kama anayeifungua barua hii si baba yangu, basi tafadhali, wewe unayesoma, ikusanye kitongoji na uisome kwa sauti, kwa spika kama mnayo. Sauti ile ilikuwa yangu. Miiko ile ilikuwa yangu. Yeye alikuwa ananitii tu.